Leo Nimebishiwa

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi kali, moyo mwepesi.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya mabua ya mahindi kana kwamba umelipia kitanda. Nilivaa sweta mbili, nikajifunga kitenge changu cha kijani, nikaenda mjini Makambako kwenye mazungumzo ya wazi. Sasa ni jioni, nimerudi Mahongole, viazi viko jikoni, na mimi nimekaa karibu na jiko naandika kwa kidole kimoja. Nina furaha.

Nimeliandika neno hilo, nikalitazama. Nimeliacha.

Tangu tumzike mume wangu, msimu mzima wa mvua umepita, na katika msimu wote huo hakuna mtu aliyenibishia.

Ngoja nieleze, maana mtu akisoma haraka atadhani najisifu.

Kwetu sisi, mfiwa hachoshwi. Hapewi jembe, hapewi sufuria, haulizwi swali gumu. Na akisema jambo, anakubaliwa. Ni heshima, tena heshima nzuri. Wiki zile za kwanza ilinibeba kama mtoto mgongoni. Nikisema nataka maji, maji yanakuja. Nikisema sitaki tena, maji yanaondoka. Tatizo ni kwamba hakuna anayetangaza siku ya kuacha. Matanga yanaanuliwa, ndugu wanarudi makwao, viti vya kuazima vinarudishwa, lakini ile sauti ya taratibu inabaki. Kila anayezungumza nami huinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayechungulia mwewe.

Hata hapa kwenye blogu. Binti yangu Upendo alinifungulia ukurasa huu kutoka Dodoma, akasema kuandika kutanisaidia. Kumenisaidia. Ila siku ile nilipoandika kwamba nimeunguza maharage, watu wakaniandikia chini yake, hongera mama, Mungu akutie nguvu.

Sasa mtu afikirie: mimi nilikuwa mke wa Baba Upendo.

Ndoa yetu yote tulibishana. Si ugomvi. Sikumbuki tukilala tumenuniana, au labda mara moja, kwa ajili ya mbuzi. Tulibishana kama ukungu utaondoka kabla ya chai au baada ya chai. Tulibishana kama wimbo wa kwaya umeimbwa polepole mno. Alibishana hata na redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi wasikilizaji, yeye anajibu, nzuri kwako wewe uliye studio. Alikuwa na kofia ya sufu niliyomfumia mwenyewe, na tangu siku ya kwanza alisema imebana, na hakuivua mpaka mwisho.

Siku niliyojua kwamba ugonjwa wake ni mzito, daktari alikuwa bado hajasema kitu. Nilimwambia uji umezidi sukari, naye akasema, ndiyo.

Lakini leo sikukaa hapa kuandika hayo.

Haya mazungumzo ya wazi yapo mjini kwa miaka mingi. Mara moja kwa mwezi watu wanakusanyika kwenye ukumbi wa shule, anakuja mzungumzaji, anaeleza, halafu tunauliza. Mwezi mmoja utamaduni, mwingine siasa, mwingine elimu, mwingine uchumi. Siasa inajaza ukumbi. Utamaduni unaleta wazee wanaotaka kuimba. Elimu inaleta walimu, nao wanasinzia kuliko wote. Baba Upendo na mimi hatukukosa. Mimi nilikuwa nauliza swali, kisha yeye anasimama kando yangu, anavuta koti lake chini, anasema: Mwenyekiti, naomba kutofautiana na mke wangu. Ukumbi unacheka. Kuna watu walikuja kwa ajili ya hilo tu, siasa na uchumi wakavumilia.

Alipofariki nilikaa nyumbani muda mrefu. Mwezi wa tano nikasema, basi, niende. Muda wa maswali nikainua mkono. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Ngailo, mstaafu, aliyemfundisha Upendo kusoma na aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Aliuona mkono wangu, uso wake ukalainika, akautangazia ukumbi kwamba tunamshukuru Mama Upendo kwa kufika. Watu wakapiga makofi. Swali likapewa mtu mwingine.

Mwezi wa sita nikainua tena. Safari hii walidhani naomba kutoka. Kina mama wawili wakasimama upesi, wakanishika viwiko, wakanisindikiza nje mpaka chooni. Nilikwenda. Ningefanyaje? Tukasimama nyuma ya choo sote watatu, hakuna mwenye haja yoyote, tukiangalia mawingu. Mmoja akasema leo kuna baridi. Nikasema mimi sioni kama kuna baridi sana. Akasema, kweli mama, hakuna.

Jirani yangu Mama Sanga ndiye aliyenimaliza. Yeye ni Mkinga, amezaliwa Ipelele huko Makete, ambako barafu ya asubuhi inakaa kwenye majani kama chumvi. Mtu wa Ipelele unaweza kumwambia lolote, lakini usimwambie kuna mahali pana baridi kuliko kwao. Ni fahari yao. Basi siku moja, kwa makusudi kabisa, nilimwambia nadhani Makambako ni baridi kuliko Ipelele. Nikasubiri. Mama Sanga akainamisha kichwa, akasema, ni kweli kabisa mama.

Niliingia ndani nikalia kwa namna ambayo sikulia hata makaburini.

Kwa hiyo leo nilikwenda na shauri moja moyoni, sikumwambia mtu. Nikirukwa tena, siendi tena. Nitabaki na kuku wangu, ambao angalau wananikimbia.

Mada ya leo ilikuwa uchumi. Mzungumzaji alitoka Songea, Bwana Gama, anafundisha chuoni huko, mwanaume mnene mwenye sauti ya kuchekesha, nyembamba kuliko mwili wake. Alianza kwa kusema kamwene, salamu yetu ya hapa, akaitamka vibaya, tukamwitikia vizuri. Kisha akazungumzia parachichi. Anajua kusema. Alisema mkulima wa nyanda hizi anayeendelea kung'ang'ania mahindi peke yake ni sawa na mtu anayeuza mishumaa kwenye mtaa ulioingia umeme. Alieleza miche, alieleza soko la nje, alieleza jinsi tunda linavyopangwa kwenye boksi mpaka nikahisi huruma kwa viazi vyetu vinavyosongamana kwenye magunia. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisa vichwa kukubali. Mama Sanga, pembeni yangu na sindano zake za kufumia, alitikisa kuliko wote. Mwaka huu amepanda miche shamba lake lote la barabarani. Hakubakiza hata mstari wa mahindi.

Nami swali likaniingia. Yaani lilikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwalimu Ngailo akafungua maswali. Nikainua mkono. Akaniona, akatabasamu kwa upande, akamchagua kijana mmoja muuza pembejeo. Nikainua tena. Akamchagua diwani mstaafu, ambaye hana maswali, ana hotuba. Nikainua mara ya tatu, na nikamwona Mwalimu anamnong'oneza mama wa jikoni. Nikasema moyoni, haya, amekubali.

Ikaja chai.

Chai ya tangawizi, kikombe kikubwa, na kiazi pembeni. Niliinua mkono nikaletewa chai. Nilitamani kucheka na nilitamani kuondoka, na nadhani ningeondoka. Nilikwishakunja kitenge. Ila mkono ulikuwa na kikombe, na sijui ilikuwaje, nikauinua na kikombe chake.

Bwana Gama akakiona. Akamuuliza mwenyekiti kwa nini yule mama wa kijani ananyweshwa tu hapewi nafasi. Mwalimu Ngailo akamsogelea kumnong'oneza, lakini mnong'ono wa mwalimu wa darasa la watoto tisini unafika mpaka ukuta wa nyuma. Tulimsikia wote. Alisema huyo ni mfiwa, hatumchoshi.

Bwana Gama akauliza: "Ni Mbena?"

Mwalimu akasema ni Mbena.

Hapo inabidi nikumbushe kwa wale mlio mbali. Bwana Gama ni Mngoni, na Wangoni na sisi Wabena ni watani. Babu zetu walipigana, na vita ilipokwisha ukabaki utani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kulala kaburini kuzuia mazishi, anaweza kuficha jembe la kuchimbia, anaweza kusema maneno ambayo angeyasema mwingine angefukuzwa. Siku ya mazishi ya Baba Upendo hakutokea mtani hata mmoja. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu mzuri mno. Nadhani yeye mwenyewe angeupinga.

Bwana Gama akavua miwani, akaniangalia moja kwa moja, kichwa hakukiinamisha.

"Mama, pole sana," akasema. "Lakini mumeo kanikosea. Nimekuja mpaka kwake, sijamkuta. Kanikimbia, kama babu yake alivyomkimbia babu yangu."

Ukumbini lilisikika lori tu likibadilisha gia huko barabara kuu. Mama Sanga akanishika goti. Mwalimu Ngailo akafumba macho kama anayesali, na labda alikuwa anasali kweli.

Mimi nilihisi kitu kinapanda kutoka chini, kutoka mahali nilipodhani pameota kutu.

"Hakukukimbia, mtani," nikasema. "Alikusubiri mpaka akachoka. Nyinyi Wangoni msibani mnafika ugali ukishaiva."

Kwanza alicheka bibi mmoja wa nyuma, peke yake, kicheko cha pua. Kisha wengine wawili. Kisha ukumbi wote ukaporomoka. Diwani mstaafu alicheka mpaka akakohoa. Mama wa jikoni alitoka na mwiko kuuliza kuna nini. Na Mwalimu Ngailo, alipofumbua macho akakuta mimi nacheka, alitoa kitambaa akajifuta uso, muda mrefu, na sote tulimwacha ajifute. Bwana Gama alinipigia saluti, akaniambia niulize kabla chai haijapoa.

Nikauliza.

Nilisema shuleni kwetu kila mzazi anapeleka mahindi na maharage ili watoto wale mchana. Nikauliza, tukishapanda parachichi kila kona kama alivyotushauri, mtoto atabeba nini kwenda shule? Parachichi ni tunda zuri, linapendeza kwenye mkate, lakini halisongeki ugali. Na kama jibu ni kwamba tutauza parachichi tununue mahindi, tutayanunua kwa nani, ikiwa na jirani naye kang'oa yake?

Nikakaa. Na nakiri, kwa mazoea niligeukia upande wa kushoto, kusubiri koti livutwe chini. Kuna wengine nao niliona wameangalia huko. Huzuni ilipita kidogo, kama kivuli cha wingu juu ya shamba la chai.

Halafu wakanivamia.

Kijana wa pembejeo alisema mahindi yatakuja na malori kutoka Rukwa, kwani Makambako ni njia panda ya nini. Mwingine akasema hakuna mjinga atakayeng'oa mahindi yote, hilo ni jambo la kufikirika. Mama mmoja akasema nazungumza kama wazee waliokataa chai ilipoingia, na leo wajukuu wao wanavaa viatu kwa hiyo chai. Bwana Gama akajibu kwa upole kwamba anayepanda abakize sehemu ya chakula, nikamwambia hilo hakulisema mwanzo. Akasema alilisema. Nikasema hakulisema. Akasema Wabena masikio yao hufunguka chai ikifika.

Na Mwalimu Ngailo akaacha kiti cha mwenyekiti, akasimama kama raia wa kawaida, akanyoosha kidole chake kile cha chaki.

"Mama Upendo," akasema, "hapo unakosea."

Unakosea.

Sijui niandikeje jinsi neno hilo lilivyonishukia. Lilikuwa kama maji ya moto miguuni asubuhi ya Julai. Nilimwambia aliyekosea ni yeye, tena tangu enzi za darasani, akarudi kitini anacheka.

Mama Sanga muda wote huo alifuma tu, ila niliona sindano zinakwenda kasi. Yeye si mtu wa kusimama ukumbini.

Tulipotoka jua lilikuwa limeng'aa, upepo umeamka, vumbi la stendi linapita kwa makundi. Bajaji ikasimama kutuchukua. Mama Sanga akaipungia mkono iende zake. Alisema tutatembea, kwa sababu ana maneno na bajaji itafika kabla hajayamaliza.

Akayaanza hapo hapo, kabla hatujamaliza kupita vibanda vya kuchomea mahindi. Alisema nimemwaibisha. Alisema nilipotaja jirani aliyeng'oa mahindi, nusu ya ukumbi ilimwangalia yeye. Alisema rafiki wa kweli angeuliza swali hilo nyumbani, kwenye kigoda, siyo mbele ya Mngoni. Nikamwambia sikumtaja jina. Akasema hukuhitaji, mwenye shamba la barabarani ni mmoja. Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya zamani, ile ya kupita juu ya uzio, na watu waliokuwa wanakuja mbele yetu walitupisha njia. Mzee mmoja mwenye baiskeli akashuka, akauliza kama kuna usalama. Nikamwambia upo, tena mwingi.

Nilimrudia hoja yangu ya mahindi. Akaipangua. Nikamletea ya ukame. Akasema ukame unaua na mahindi pia. Nikamwambia wanunuzi wa parachichi wanaweza kushusha bei siku wanayotaka. Akasema na wa mahindi je, hao ni malaika? Tulifika kwenye njia ya kwangu hatujamaliza, tukasimama tukaendelea. Kuku wangu walikuja kutusikiliza.

Kisha akashusha sauti. Siyo ile ya kumhurumia mfiwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema jambo lake mwenyewe.

"Mahindi yanataka mgongo kila mwaka, mama. Parachichi linataka mgongo mara moja. Mimi mgongo wangu umeisha. Wewe wako unao?"

Akaniaga kwa ushindi kabisa, akaenda zake anavuta kitenge, hata pole hakuniachia.

Nimekaa na swali lake tangu wakati huo. Mwaka huu nimelima nusu tu ya shamba. Ile nusu nyingine ilikuwa ya Baba Upendo, na imeota magugu marefu, na kila nikipita naangalia upande mwingine. Watu wote wameiona. Wote, kwa wema wao, hawajaitaja. Mama Sanga leo ameitaja bila kuitaja, na badala ya kuumia nimejikuta, wakati namenya viazi, nafikiria shamba. Kwa mara ya kwanza sikufikiria kaburi, nimefikiria shamba: udongo wake, maji yanakopita, upande unaopigwa na upepo.

Je, naweza kuwa nimekosea kweli? Ukumbi mzima umesema hivyo, na walikuwa na furaha sana kulisema.

Nimetafuta jibu la kumpa tangu viazi vilipoanza kuchemka. Sasa vimeiva na jibu sijalipata. Ana hoja, yule mwanamke.

Kesho tukitoka kanisani nitapita shambani kwake niiangalie hiyo miche, nimuulize ameipanda umbali gani na nani anamchimbia mashimo. Sisemi kwamba nitapanda. Nakwenda kubisha tu.